Mwezi wa mwisho zizini ndio unaokula faida

Huku Mwanza, ukitoka Usagara kuelekea Misungwi, au ukishika njia ya Magu, utakuta mazizi ya kunenepesha ng'ombe, na kanuni ni ileile karibu kila mahali: nunua dume aliyekonda, mpe mashudu, yale makapi ya mbegu za pamba zilizokamuliwa mafuta, ashibe, mtoe akiwa anang'aa. Sina ugomvi na mashudu. Sisi wa kanda ya pamba tusipolisha mashudu tutalisha nini? Ugomvi wangu ni huko kung'aa. Tunamngoja ng'ombe hadi nundu ijae, mbavu zipotee, mafuta yavimbe pande zote za shina la mkia, ndipo tunampigia simu dalali. Naona hapo tumeshachelewa sana, na hasara haionekani kwa kuwa hakuna aliyekuwa anapima chakula.

Ng'ombe anayekua hajengi kila kitu kwa mpigo. Mfupa hutangulia, msuli hufuata, mafuta huja kwa wingi mwishoni. Sasa kilo moja ya msuli karibu robo tatu yake ni maji, na maji hayo hukuyanunua kwa gunia. Kilo ya mafuta ina maji kidogo tu. Tena gramu moja ya mafuta hubeba kilokalori 9 na ushei, ilhali ya protini haifiki 6. Ukiweka yote pamoja, nishati inayolala ndani ya kilo ya mafuta ni mara tano au zaidi ya ile iliyo ndani ya kilo ya msuli, na yote hiyo imepitia kihorini.

Halafu kuna chakula cha kuishi tu. Dume kabla hajaongeza hata gramu lazima apumue, asage chakula, moyo udunde. Ni bodaboda inayonguruma kijiweni bila abiria: mafuta yanakwisha na safari hakuna. Kadiri anavyokuwa mzito ndivyo sehemu hiyo inavyokua.

Tuchukue mfano. Dume wa kilo 200 atakula kama kilo 5.6 za chakula kikavu, yaani bila kuhesabu maji yaliyomo, kwa siku. Akiongeza gramu 700, kila kilo mpya imegharimu kilo 8 za chakula. Baadaye huyohuyo amefika kilo 260, anakula kilo 7, na ongezeko limeshuka hadi gramu 400. Sasa kilo mpya inataka chakula kilo 17.5. Bei ya mashudu haijapanda hata shilingi, lakini nyama yako imekuwa ghali zaidi ya mara mbili. Mwenye zizi bado anafurahi, maana kwa macho ng'ombe ndiyo kwanza anapendeza.

Mwanzo nao una udanganyifu wake. Dume aliyetoka kwenye kiangazi cha Kwimba, mwili mkubwa lakini mbavu nje, akipata chakula kizuri hukimbia kufidia alichokosa. Huyo ndiye wa kununua, kuliko mfupi aliyekwisha kunona. Ila usiamini kilo zote za wiki za kwanza, nyingine ni tumbo. Akinywa lita 20 kabla hujampima, umepima ndoo moja ya maji. Mpime asubuhi, kabla ya kula na kunywa.

Kuna jambo linaniudhi kwenye pumba za mpunga. Mashineni huwa kuna pumba laini na kuna maganda, na gunia la bei chee mara nyingi ni maganda matupu. Chota kiganjani usugue: laini huacha unga na mafuta kidogo, maganda hukwaruza. Maganda yamejaa silika, madini yaleyale ya mchanga, yanajaza tumbo na kutoka nyuma. Ng'ombe anaonekana ameshiba, mizani imesimama, na lawama anatupiwa ng'ombe wa Kisukuma kwamba mbegu yake haikui.

Wapo watakaosema bucha za Mwanza huuza mchanganyiko, mfupa na mafuta na nyama bei moja, kwa hiyo mafuta hayatupwi. Kweli, na choma isiyo na mafuta hailiki. Lakini anayeyauza mafuta hayo kwa bei ya nyama ni mwenye bucha. Wewe uliuza kichwa kizima kwa kukadiria kwa macho. Mpaka mizani iwe ndiyo inayoamua bei mnadani, mafuta ya mwezi wa mwisho ni zawadi unayompa mnunuzi.

Hesabu hii, hata hivyo, ni ya dume wa kuchinjwa; ya kuchagua mbegu ni nyingine. Mwaka 1963 Robert Koch, mtafiti wa ng'ombe (si yule wa kifua kikuu), na wenzake wa Marekani walitoa wazo la kulinganisha chakula anachokula ng'ombe na kile alichotarajiwa kula kwa uzito na ukuaji wake. Anayekula pungufu ya matarajio na kukua vilevile ni mbanifu, na tabia hiyo kwa kiasi hurithiwa. Nalipenda wazo hilo kuliko kugawanya tu chakula kwa kilo zilizoongezeka, kwa sababu ukichagua mbegu kwa mgawanyo huo utajikuta na majike wakubwa wenye kula sana, nao kiangazi watakufilisi. Tatizo ni kwamba wabanifu wengi huwa na mafuta kidogo mwilini. Zizini, hiyo ni faida. Kwa jike anayetembea mbali kutafuta maji mwezi wa tisa huku ana mimba, mafuta ndiyo akiba yake. Dume mbanifu ningemlisha mwenyewe kwa moyo mweupe, ila binti yake nisingemwingiza kwenye kundi la kuzalisha kabla sijamwona akivuka kiangazi kimoja.