Wasifu wa Susu haukutaja kiondo hata kimoja

Kijitabu cha mazishi ya nyanya yangu, tuliyemwita Susu, kilichapishwa mtaa wa River Road, Nairobi, karatasi ya kung'aa, yeye kwenye jalada akiwa amevaa sare ya akina mama wa kanisa. Wasifu wenyewe unaanza na kuzaliwa, unakuja ndoa, kisha watoto, wakwe na wajukuu kwa majina yote. Aya ndefu kuliko zote ni ya ugonjwa: hospitali ya kwanza, rufaa, hospitali ya pili, kulazwa, kuruhusiwa, kulazwa tena. Kazi yake imepewa sentensi moja. Alikuwa mkulima na mcha Mungu.

Mkulima alikuwa kweli, kama kila mtu wa upande ule wa Makueni, Ukambani, alivyo mkulima mvua ikikubali. Lakini Susu alikuwa msusi wa vyondo, vile vikapu vya mkonge, tangu kabla ya kuolewa hadi vidole vilipogoma. Alikuwa pia mtunzi wa nyimbo. Haya mawili ndiyo yaliyomfanya ajulikane kutoka mto mmoja hadi mwingine, na ndiyo hayo tuliyoyaacha nje. Nasema tuliyoyaacha kwa sababu wasifu uliandikwa na kamati, na kamati ilikuwa ni sisi watu wa Nairobi tulioketi jioni baada ya jioni katika hoteli moja ya mjini tukihesabu michango na kukodi basi.

Sidhani sisi ni wabaya kuliko familia nyingine. Nimehudhuria mazishi ya kutosha kujua muundo ule. Mwanamume aliyewahi kuwa karani wa tarafa atatajiwa kila kituo alichohamishiwa. Mwanamke wa kijijini hupimwa kwa watoto aliozaa na kamati za kanisa alizokaa. Kama hakuajiriwa, basi hakufanya kazi. Alichokiumba kwa mikono yake kinahesabiwa kuwa jambo la kupitisha wakati.

Hebu niwaeleze basi alivyokuwa akipitisha wakati. Jani la mkonge hukatwa, likaparuzwa kwa panga juu ya ubao mpaka nyama ya kijani itoke, zibaki nyuzi nyeupe. Zikikauka, zinasokotwa juu ya paja. Paja la kulia la Susu lilikuwa na sehemu laini isiyo na hata unywele mmoja, kazi ya miaka ya kusokota. Alisokota akienda sokoni, akisubiri zamu kisimani, akisikiliza mahubiri. Kusuka kwenyewe huanzia kitakoni. Nyuzi za kusimama zinatawanyika kutoka katikati, na nyuzi mbili za kusukia zinazipita huku zikipishana, mzunguko baada ya mzunguko. Duara likipanuka lazima uongeze nyuzi. Ukiziongeza mapema kitako kinajikunja, ukichelewa kinakaza. Halafu kuna mapambo: ukitaka pembe tatu kumi na mbili zikutane sawasawa zikimaliza kuzunguka, ni lazima ujue umeanza na nyuzi ngapi. Susu hakuingia darasani hata siku moja, na hesabu hiyo aliifanya kichwani huku akitusengenya.

Mama yake, alituambia, alitumia nyuzi za maganda ya mbuyu, na rangi zilitoka kwenye magome na mizizi ya kuchemsha. Yeye alichanganya vyote: magome, rangi ya pakiti kutoka dukani, na sufi ya sweta kuukuu. Ulipomletea sweta la mtumba la Gikomba, aliligeuza, akalivuta mshono, akakuuliza kama kuna jingine la rangi hiyo. Mjomba wangu mmoja alimletea sweta jipya la dukani wakati wa Krismasi, la bei ya kuumiza. Kufikia siku iliyofuata lilikuwa limeshafumuliwa nusu. Msitari wa zambarau uliotokana nalo ulikuwa mzuri kupita kiasi, na mjomba hakusema kitu.

Dalali alikuja siku ya soko, akanunua vyondo bila mikanda. Vikasafirishwa hadi soko la Kariokor, Nairobi, mafundi wakavitia ngozi, kisha vikauzwa Maasai Market kwa bei ambayo Susu alipoambiwa alicheka hadi akakohoa. Katika safari hiyo jina lake lilidondoka mapema sana, nadhani kabla gari halijafika lami. Mwaka 1985, Nairobi ilipokuwa mwenyeji wa mkutano wa dunia wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake, wageni wengi waliondoka na vyondo mabegani. Vyondo vilienda Ulaya na Marekani, ila hakuna aliyeondoka na jina la mwanamke aliyekisuka chake. Na Agosti 2017, serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, mji huu uligundua kiondo upya, ukapiga picha nacho.

Kuna atakayeniambia kwamba ndivyo ufundi wa kijijini ulivyo, ni mali ya wote, hauna mwenyewe. Siafiki. Huko huko Ukambani, historia ya uchongaji wa vinyago inasimuliwa kwa jina la mtu: Mutisya wa Munge wa Wamunyu, aliyejifunza kwa Wamakonde akiwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Jina lake liko vitabuni, na ni haki yake. Basi mbona wanaume wachonge kwa majina na wanawake wasuke kwa kabila? Kiondo cha Susu kingetambulika katikati ya rundo, kwa jinsi alivyokiimarisha mdomoni na kwa ule mzunguko wa rangi ya udongo aliouanzia kila kitako. Wasusi wenzake walijua kila mkono. Ni sisi tusiojua kusoma.

Humfikiria Rosemary Karuga, aliyezaliwa Meru mwaka 1928. Alisomea sanaa Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1950, kisha akafundisha shule kwa miaka mingi. Alirudi kwenye sanaa akikaribia miaka sitini, na kwa kuwa rangi ni ghali, alikata vipande vidogo vya karatasi za kufungia sabuni na unga, akavibandika mpaka vikawa kuku, watu, wanyama. Kituo cha sanaa cha Paa Ya Paa hapa Nairobi kilimshika mkono, na mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa New York, katika jumba la Studio Museum in Harlem, akiwa mwanamke pekee kati ya wasanii tisa wa Afrika. Alifariki mwaka 2021. Sweta la mjomba na karatasi ya sabuni si vitu vya mbali sana. Tofauti ni kwamba Karuga alikuwa na chuo nyuma yake na watu mjini walioona kwamba hii ni kazi, wakaliandika jina.

Nyimbo ndizo zinazoniuma zaidi, maana kiondo angalau kinadumu. Katika mwethya, yaani kikundi cha kusaidiana kazi, wanawake walipochimba matuta ya shamba la mmoja wao, Susu ndiye aliyeanzisha wimbo, wengine wakaitikia. Alitunga papo hapo. Mvivu alitajwa, naibu wa chifu aliyekula pesa za maji alitajwa kwa mafumbo ambayo hata yeye aliyaelewa, na jembe liliendelea kupanda na kushuka. Wimbo wa juma lililopita haukurudiwa. Sote tulikuwa na simu zenye kinasa sauti mifukoni, tukazitumia kupiga picha za muthokoi, chakula chetu cha mahindi yaliyokobolewa.

Binamu yangu, ambaye ni mzee wa kanisa na ananipenda, anasema mazishi si maonyesho, na mhubiri ana watu wa kuwahi. Nakubali kuhusu muda. Lakini tulipata muda wa kusoma majina ya wakwe wote, pamoja na mmoja ambaye ndoa ilishavunjika. Kamati ya mazishi ina mtu wa chakula, mtu wa hema, mtu wa usafiri, mtu wa vipaza sauti. Ikose mtu mmoja wa kwenda kwa rafiki za marehemu kuuliza alitengeneza nini, na kilikuwa kizuri kwa namna gani? Tena aende mapema, mwenyewe akiwa bado anaweza kumsahihisha.

Kwetu tumeanza kwa kuchelewa. Kwenye kundi la familia la WhatsApp watu wanatuma picha za vyondo walivyo navyo, na tumeshabishana vikali kuhusu kimoja cha kutoka mtaa wa Umoja, Nairobi, ambacho mimi nasema si chake, mdomo umelegea mno. Nyimbo ni kazi ngumu. Shangazi anakumbuka beti kadhaa za ule wa sweta, Susu alioutunga kumhusu mjomba na Krismasi yake ya gharama, ila anakataa katakata kuziimba mbele ya kinasa. Mjomba bado yu hai, anasema, na ndiye mwekahazina wetu.