Tunarudi Desemba, Shule ya Kata Imefungwa

Sisi watoto wa Kilimanjaro tulioko nje tuna desturi inayojulikana nchi nzima: Desemba tunarudi. Kuanzia Rombo mpaka Machame, kila kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, kinapata gari geni. Tunachangia harusi na kipaimara, tunapaua kanisa, tunayawekea vigae makaburi ya wazee wetu. Sina ugomvi na lolote kati ya hayo. Ila kuna mahali pamoja tunapapita kila siku tukienda kwenye shughuli hizo na hatupaingii, napo ni sekondari ya kata. Mwezi huo geti lina kufuli. Wanafunzi wako likizo, kidato cha nne walimaliza mtihani Novemba, na kama kuna mwalimu basi ni wa zamu. Tunaona kuta na bati, tunatikisa kichwa, kisha tunarudi tulikotoka tukisema shule za serikali nyumbani zimekufa.

Hazijafa. Nimechoka kuisikia kauli hiyo kwenye vikao vyetu vya huku, na nimekaa huku muda wa kutosha kuona shule ya serikali inaishi kwa nini na inadhoofika kwa nini.

Ninaishi Ohio, kwenye mji mdogo ulioungana na jiji la Columbus. Mwanangu yuko darasa la kumi katika haiskuli ya serikali. Ndugu zangu wa Uru, kijijini kwetu mlimani, wakisikia mtoto anasoma Marekani, wanauliza ada ni kiasi gani. Hakuna ada. Basi la njano linamchukua kona ya mtaa na kumrudisha, vitabu anapewa, kompyuta anaazimwa, na mtoto wa familia yenye kipato kidogo anakula mchana bure au kwa bei iliyopunguzwa.

Majengo ni mazuri, lakini walionishangaza ni majirani. Ijumaa jioni wakati wa vuli, taa za uwanja zikiwashwa kwa mechi ya futiboli yao, mtaa mzima unahamia pale. Wamo bibi na babu ambao wajukuu wao wanaishi majimbo mengine kabisa. Wanavaa fulana za rangi ya shule, wanaijua bendi ya matarumbeta, wanawajua wachezaji kwa majina. Maduka yanabandika ratiba ya mechi madirishani. Bodi ya elimu inachaguliwa kwa kura, na vikao vyake viko wazi. Nimehudhuria kikao ambacho mzee mmoja alisimama akauliza kwa nini ukarabati wa paa unagharimu kiasi kile, akataka kujua wakandarasi wangapi waliomba kazi. Hakuwa na mtoto pale shuleni. Alijibiwa kwa adabu, na kwa tarakimu.

Anauliza kwa sababu analipa. Huku sehemu kubwa ya fedha za shule inatoka kwenye kodi ya nyumba na ardhi ya eneo lenyewe, na Ohio ina sheria ya mwaka 1976 inayozuia mapato ya kodi hiyo kupanda yenyewe kila thamani ya nyumba inapopanda. Matokeo yake shule inalazimika kurudi kwa wapiga kura mara kwa mara kuomba nyongeza. Msimu huo bustani za watu zinajaa vibao vidogo vya kuunga mkono au kupinga. Nyongeza ikikataliwa, uchungu unaonekana haraka: walimu wanapunguzwa, basi la wanafunzi wa haiskuli linaweza kuondolewa, na mtoto anayetaka kucheza mpira anaambiwa alipie. Kwetu kodi ya jengo tangu 2021 inakatwa tunaponunua umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, na sijawahi kumsikia mtu akiuliza kama imefika darasani.

Hapa wenzangu wengi husimama na kusema, mnaona, wenzetu wanajua. Mimi sisimami hapo, kwa sababu mfumo huohuo una upande ambao sitaki kamwe uvuke bahari. Shule ikila kwa kodi ya nyumba, penye nyumba za bei shule inanenepa, na penye nyumba zilizochoka shule inakonda. Mpaka wa wilaya ya elimu unaweza kupita katikati ya barabara. Mtoto wa upande huu ana maabara na mwalimu wa muziki, na wa upande ule, anayeonekana kutoka dirishani, hana. Mahakama ya Juu ya Ohio ilitamka mwaka 1997 kwamba namna jimbo linavyogharimia shule inakiuka katiba yake lenyewe, ikarudia kusema hivyo 2000 na 2002, na mpaka leo kodi ya nyumba bado ni nguzo. Kila mwaka jimbo linatoa ripoti ya shule, siku hizi kwa nyota moja hadi tano, na madalali wa nyumba wanaitumia. Mtu ananunua nyumba akinunua shule, na asiye na fedha ya nyumba anabaki na shule ya wasio na fedha.

Sasa linganisha na kwetu. Mwalimu wa sekondari ya Uru na wa Tunduru wanalipwa na Hazina ileile kwa ngazi ileile ya mshahara. Mtihani ni mmoja, wa Baraza la Mitihani (NECTA), na cheti hakiandikwi bei ya nyumba yenu. Tena kwa kidato cha tano serikali inakupanga popote. Mimi nilitoka kwenye migomba ya Uru nikapangiwa Songea. Mama alilia stendi akidhani ananipeleka nje ya nchi. Kule nililala dabodeka moja na kijana wa Newala, na jirani yetu alikuwa Mhaya wa Bukoba. Hao ni ndugu zangu hadi leo, tunapigiana simu misiba ikitokea. Upande wa pili, vijana wa Kigoma na Mtwara walikuwa wanakuja kwetu, Old Moshi, Umbwe na Ilboru kule Arusha, na mabinti wanakwenda Ashira na Weruweru, ile Weruweru iliyojengwa jina na mkuu wake wa zamani, Mama Maria Kamm. Mwanangu hajawahi kukaa dawati moja na mtoto aliyetoka umbali wa hata nusu saa kwa gari. Jambo hili linaniuma kuliko watu wanavyodhani, na hakuna kompyuta ya kuazima inayolifidia.

Shule zile za bweni zilikuwa za taifa, na wachache ndio waliozipata. Sekondari ya kata ni kitu kingine. Ni ya majirani, kwa maana kamili, na historia yake tumeanza kuisahau mapema mno. Mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, MMES, ulianza 2004, na kuanzia 2006 msukumo wa kila kata kuwa na sekondari yake ukawa mkali chini ya Waziri Mkuu Edward Lowassa. Kwetu mlimani ardhi ni kihamba, na kihamba ni urithi. Ndugu wa damu wanashtakiana kwa sababu ya mstari mmoja wa isale, mmea wetu wa kuwekea mipaka. Hata hivyo watu walimega. Msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, ulipigwa, akina mama wakabeba mawe na mchanga kichwani kutoka mtoni, mafundi wa kijiji wakanyanyua kuta mpaka linta, kisha boma likasubiri bati la serikali. Baadaye likaja agizo la Rais Kikwete la maabara za fizikia, kemia na baiolojia, watu wakachangishwa tena. Mwaka 2021 zikaja fedha za UVIKO-19, shilingi trilioni 1.3, zikajenga madarasa 15,000 nchini, 12,000 kati yake ya sekondari. Ada ya sekondari ya kutwa, shilingi 20,000 kwa mwaka iliyokuwa inawarudisha watoto nyumbani, iliondolewa kuanzia Januari 2016, na kidato cha tano na sita wakafuata 2022.

Nayataja haya yote kwa sababu anayesema shule ya kata ni jengo bovu la serikali anawatukana mama zake. Wao ndio waliolijenga.

Wala hawakuwa wa kwanza. Mlima huu ulisomesha watoto kwa kahawa. Wakulima wa kahawa walijiunga kwenye chama chao, KNPA, mwaka 1925, kikazaliwa chama cha ushirika, KNCU, mwaka 1933, na fedha ya buni ikawa ada, daftari na kuta za darasa. Shule za misheni zilipotaifishwa baada ya sheria ya 1969, na nafasi za serikali zikawa chache, wazee wetu na makanisa walianza upya, hadi miaka ya 1980 Kilimanjaro ikajaa sekondari zilizojengwa kwa michango ya wazazi. Babu asiyejua kusoma alitoa gunia la kahawa kwa ajili ya shule ambayo mjukuu wa mtu mwingine angesoma.

Basi nini kimetokea katikati? Nenda Moshi leo, simama njia panda yoyote ya kupanda mlimani saa kumi na moja alfajiri. Utaona basi la njano, rangi ileile ya lile la Ohio, likipanda kuwafuata watoto wadogo wa shule binafsi, wengine wakiwa bado na usingizi. Linawapita wanafunzi wa sekondari ya kata wanaoteremka kwa miguu gizani, wasichana wakitembea kwa makundi kwa usalama. Huku basi la njano ni la shule ya umma, kule ni la anayelipa. Sitaki kumlaumu mzazi anayelipa, anampenda mwanawe. Lakini tazama nani wote wamo ndani ya lile basi. Ni mtoto wa nesi wa hospitali ya KCMC, wa mfanyabiashara wa Kiboriloni, wa mchungaji, wa diwani, na mara nyingi wa mwalimu anayefundisha hapohapo shule ya kata. Na ada inatoka kwetu wa nje.

Kikao cha wazazi cha sekondari ya kata kinabaki na bibi anayelea wajukuu, mama muuza ndizi na meku, yaani mzee, mmoja mwenye fimbo. Ni watu wenye akili na heshima zao, lakini mwalimu mkuu akisema choo kimejaa na bajeti hakuna, nani pale atampigia simu mkurugenzi wa halmashauri na simu ikapokelewa? Wale ambao simu zao zinapokelewa wamehamisha watoto, na walipohamisha watoto walihama na midomo yao. Kule Ohio, ndani ya ule mpaka wao wa bei, daktari na fundi bomba wanaketi ukumbi mmoja kwa sababu watoto wao wanapanda basi moja. Basi likichelewa, daktari naye anakasirika. Hilo ndilo ningependa tuchukue, pamoja na yule mzee wa paa asiye na mtoto shuleni, na ule mpaka tuwaachie wenyewe.

Watu hunijibu: elimu ni bure, serikali ifanye. Serikali inalipa walimu, inapeleka ruzuku, inajenga. Chakula cha mchana cha mwanafunzi wa kutwa kimeachwa kwa makubaliano ya wazazi: mahindi kiasi fulani, maharage kiasi fulani, na fedha ya mpishi na kuni. Asiyeweza kutoa, mwanawe anakaa chini ya mti wenzake wakila makande. Mtoto aliyeondoka nyumbani alfajiri kwa chai kavu na atapanda mlima jioni hawezi kuelewa hesabu ya saa nane mchana. Piga hesabu mwenyewe ya hema, viti, MC na matarumbeta ya kipaimara kimoja, halafu uliza bei ya gunia la mahindi soko la Mbuyuni.

Kwa hiyo nina ombi kwa wenzangu, na ni la vitendo. Anayeweza, arudi Julai badala ya Desemba, angalau mara moja. Likizo ndefu ya Marekani inaangukia hapo, na nyumbani muhula wa pili unakuwa umeanza. Ingia shuleni siku ya masomo, jitambulishe kwa mkuu wa shule, kaa nyuma ya darasa la kidato cha pili, tazama mwalimu kijana anavyofundisha watoto wengi kwa chaki na sauti yake. Kuna walimu pale ambao wangeng'ara popote duniani. Matokeo ya NECTA hayakuonyeshi hilo, na kwa kweli nilifurahi baraza lilipoacha mwaka 2023 kutangaza shule kumi bora, maana orodha ile ilikuwa inawapa sifa waliochagua wanafunzi na kuwanyima waliopokea kila mtoto.

Na tukichanga, tusimpe fedha mtu mmoja, hata akiwa kaka yako. Ziingie akaunti ya shule, kamati ya chakula ya wazazi ijue, zisomwe mbele ya kikao, na karatasi ibandikwe ubaoni ikionyesha magunia yaliyoingia stoo na yaliyopikwa. Tusidai kibao chenye majina yetu getini. Tudai kualikwa kikaoni, hata kwa simu iliyowekwa sauti kubwa mezani, na tukialikwa tuulize kama yule mzee: wakandarasi wangapi waliomba, bei ya nani ilikuwa ndogo, na maharage ya mwezi huu yamenunuliwa wapi.