Basi la Pretoria na hesabu ya shabiki

Aprili 2024, Ramadhani ikielekea ukingoni, nilikata tiketi ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Pretoria. Yanga ilikuwa inarudiana na Mamelodi Sundowns, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, baada ya sare ya 0-0 nyumbani, Uwanja wa Mkapa. Jirani yangu, Mwanasimba wa damu, aliniuliza swali moja tu: "Kwani kibanda umiza cha hapo kona hawaonyeshi kwa buku?" Yaani kile chumba cha kutazamia mechi kwenye TV kwa shilingi elfu. Nilimcheka. Kwenye foleni ya mpaka wa Tunduma, usiku, pasipoti mkononi na miguu imevimba, nikaanza kumwelewa.

Kila anayesafiri ana jibu lake tayari: timu inahitaji mchezaji wa 12, yaani shabiki. Maneno matamu, lakini matokeo hayayabebi. Mei 28, 2023 Uwanja wa Mkapa ulifurika kwenye fainali ya kwanza ya Kombe la Shirikisho, na USM Alger wakatufunga 2-1 palepale mbele yetu. Juni 3, kule Algiers, uwanja umejaa wenyeji, Yanga ikashinda 1-0 kwa penalti ya Djuma Shabani. Jumla 2-2, kombe tukalikosa kwa sheria ya mabao ya ugenini: wao walifunga mawili kwetu, sisi moja kwao. Yaani tulipojaa tulifungwa, tulipokuwa wachache tukashinda.

Pretoria nako tuliimba hadi sauti zikakauka. Shuti la Aziz Ki likagonga mwamba, likadunda mstarini, sisi tukarukiana tukijua ni bao. Refa akasema si bao. Tukatolewa kwa penalti, 3-2. Kama kelele zingekuwa na uwezo huo tunaoambiana, zingeanza na refa yule.

Basi nilikwenda kufanya nini? Nikiulizwa leo, sianzi kwa kutaja mechi. Nakumbuka jua linazama, tuko bado barabarani Zambia, kondakta kazima muziki, na mzee mmoja wa viti vya mbele anapitisha tende kutoka kwenye mfuko wa Rambo, siti kwa siti, hata kwa wasiofunga. Wengine tulikuwa tunakula tangu asubuhi kwa ruhusa ya msafiri, tukiahidi kulipa siku zetu baadaye, lakini tende tulipokea. Kuna kijana aliyekuwa hajawahi kuvuka Mbeya maishani mwake. Siku tatu zile alivuka Zambia na Zimbabwe na kuingia Afrika Kusini, na alirudi anaongelea bei ya mahindi Lusaka kuliko alivyoongelea mpira. Hayo huyapati kwa buku.

Ila tusidanganyane kwamba kila safari iko hivyo. Njia ya kusini imefunguka kwa sababu Mtanzania anaingia Zambia, Zimbabwe na Afrika Kusini bila viza. Pasipoti, nauli na moyo vinatosha. Kaskazini ni habari nyingine. Algiers, Cairo, Rabat: huko ni viza na ndege, na kwa mtu wa kipato cha kawaida hiyo ni mtaji wa duka. Mkondo wa kwanza wa fainali ya Shirikisho ya 2025, Simba walicheza Berkane, Morocco, wakafungwa 2-0. Mwanasimba aliyebaki Kariakoo aliumia sawasawa na aliyekwenda, tofauti yao ni deni. Kombe la Dunia la 2026, lenye mechi nyingi Marekani, ndilo kabisa: mwaka 2025 Marekani iliwaingiza Watanzania kwenye orodha ya wanaoweza kudaiwa dhamana ya dola 5,000 hadi 15,000 kabla ya kupewa viza ya matembezi. Hapo hata mwenye duka anarudi kibandani.

Kinachonikera mimi ni nani analipa. Aliyejibana miezi sita akapanda basi, mwacheni, hela ni yake. Lakini kila timu zetu zinapofika mbali huibuka msafara wa hamasa: watu waliolipiwa tiketi na hoteli, nusu yao chawa, wapambe wa kusifia tu, wanaojua zaidi kupiga selfi kuliko kutaja kikosi. Watetezi wao wanasema ugenini bila rangi zako jukwaani ni upweke kwa wachezaji, na hilo sibishi. Ila Pretoria tulikuta Watanzania waishio Afrika Kusini wamefika na jezi na vuvuzela, bila kulipiwa na mtu. Kamati inayoandaa msafara ingewanunulia hao tiketi za mlangoni, jukwaa lingejaa kwa sehemu ndogo ya gharama ile.

AFCON ya 2027 inakuja Kenya, Uganda na kwetu. Nairobi kwa basi ni safari ya siku moja, Kampala ukivumilia unafika. Kwa hesabu yangu hiyo ndiyo safari ya kuwekea akiba, si Rabat, na nimeshamwambia jirani. Akasema yeye hana upuuzi huo, kibubu alichonunua juzi ni cha ada za watoto. Nimekiona. Kakipaka rangi nyekundu ya Simba.