Daraja la mawe haliuawi na treni

Reli ya zamani ikigeuzwa njia ya waenda kwa miguu na baiskeli, hawakosekani watu wa kusema kwamba gharama za kutunza madaraja yake sasa zimekwisha, maana uzito wa treni umeondoka. Sikubaliani nao hata kidogo. Adui wa daraja la mawe ni maji, na maji hayajui kama treni zimesimama.

Chukua Stone Arch Bridge ya Minneapolis, Marekani. James J. Hill, tajiri wa reli, alilikamilisha mwaka 1883: matao 23 ya graniti na mawe ya chokaa, urefu wa futi 2,100 (kama mita 640), upana futi 28, likivuka Mississippi kwa mshazari chini kidogo ya maporomoko ya St. Anthony. Treni zililitumia hadi 1978, na mwaka 1994 likafunguliwa kwa waenda kwa miguu na baiskeli. Matao ya mawe sasa ni 21. Mawili yalitolewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, pakawekwa fremu ya chuma ili vyombo vipite kwenye lango la maji la mtoni, linalovipandisha na kuvishusha kwenye maporomoko.

Pigo kubwa lililopata daraja hili lilitoka mtoni. Mafuriko ya 1965 yalichimba chini ya nguzo, matao yakatitia, ikabidi nguzo ziimarishwe. Tao hustahimili mzigo vizuri sana kwa kuwa uzito huyabana mawe yake. Lisilostahimili ni nguzo kusogea: mawe huachana, na mzigo hukosa njia ya kushukia.

Hata hivyo maji ya mvua yananitia hofu zaidi, kwa kuwa kazi yake haionekani. Hupenya kwenye nyufa za sakafu, huingia kwenye kifusi kilichojazwa kati ya kuta za pembeni, kisha hutafuta pa kutokea kwenye jointi za tao, yaani maungio ya mawe yaliyojazwa mchanganyiko wa chokaa na mchanga. Yakipita huosha chokaa. Ile michirizi myeupe unayoiona chini ya tao ni chokaa hiyo. Kwa baridi ya Minnesota, maji yaliyonaswa huganda na kutanuka kwa takriban asilimia 9, yakabandua uso wa jiwe. Chumvi ya kuyeyushia barafu huzidisha uharibifu.

Hapo ndipo huitwa fundi, na hapo ndipo makosa mengi hufanyika. Jointi iliyolegea ikwanguliwe kwa patasi hadi kina kisichopungua mara mbili na nusu ya upana wake. Msumeno wa umeme katika jointi nyembamba hula kingo za mawe, na kingo hazirudi. Vumbi lioshwe, mawe yaloweshwe ili yasinyonye maji ya mchanganyiko. Sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga ni kipimo cha kuanzia. Ujaze kwa tabaka zisizozidi sentimita 2, kila moja ikishindiliwa, kisha ufunike kwa magunia mabichi kwa siku kadhaa. Kazi hii isifanywe majira ya baridi kali: mchanganyiko ukiganda kabla ya kukomaa, utamomonyoka.

Saruji kali ndiyo kosa baya kuliko yote. Inakuwa ngumu kuliko jiwe na haipitishi unyevu vizuri, basi unyevu hutokea kupitia jiwe lenyewe. Baada ya miaka utakuta jointi imechomoza kama ubavu na jiwe limeliwa pembeni yake. Mafundi wa Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar wanalijua tatizo hili: ukuta wa mawe ya matumbawe uliopigwa lipu ya saruji hubaki na unyevu ndani.

Ukarabati mkubwa wa daraja la Minneapolis ulioanza 2024, wa kubadilisha mawe na jointi zilizochakaa, ulilazimu sehemu zake kufungwa. Kero kwa waendesha baiskeli ilikuwa ya kweli, lakini kwangu kufunga ni sahihi kuliko kuziba viraka huku watu wakipita. Na mji wowote unaopanga bajeti ya njia kama hii ungetanguliza sakafu isiyopitisha maji na mifereji ya kuyatoa, kabla ya taa na mabenchi. Mkaguzi naye aende chini ya matao mara tu baada ya mvua kubwa, akiwa na chaki, aweke alama kila panapodondoka maji, kisha apande juu akatafute yanapoingilia.