Ngozi ya Biva Imeshuka, Kifuko Chake Kimepanda

Kampuni ya Hudson's Bay, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1670, ilikuwa ikikadiria bei ya blanketi, sufuria na bunduki kwa ngozi za biva, yule mgugunaji mkubwa wa mito ya Amerika Kaskazini mwenye mkia bapa wa magamba. Ngozi moja nzuri ilikuwa ndiyo kipimo cha biashara. Leo mtegaji wa Kanada au Alaska anayemchuna biva anajua kwamba vifuko viwili vilivyo karibu na shina la mkia vinaweza kumwingizia fedha nyingi kuliko ngozi yenyewe, na kwa hiyo mimi naona kuviita mabaki ni mazoea tu yaliyobaki kutoka enzi za kofia za Ulaya zilizotengenezwa kwa manyoya ya biva.

Ndani ya vifuko hivyo, ambavyo dume na jike wote wanavyo, mna kastoriamu, ute wa rangi ya kahawia ambao biva huutumia kuweka alama za mipaka yake kandokando ya maji. Msomaji wa Pwani hahitaji maelezo marefu hapa, kwa kuwa zabadi ya ngawa na ambari ya nyangumi ni mali za ukoo huohuo: harufu kali isiyopendeza ikiwa nzito, lakini ikizimuliwa hushikilia manukato mengine yasipotee upesi. Watengenezaji wa marashi waliithamini kwa harufu yake inayokumbusha ngozi iliyofukizwa moshi, ingawa wengi wao sasa hutumia mbadala wa maabara. Wanunuzi wengine ni wategaji wenyewe, kwani kastoriamu ni chambo cha kuwavutia biva na hata wanyama wala nyama. Ile hadithi inayopendwa sana mitandaoni, kwamba vanila ya aiskrimu hutoka kwa biva, imekuzwa kupita kiasi. Kweli kastoriamu iliwahi kutiwa katika vyakula, lakini vanila ya bei nafuu inayouzwa madukani hutengenezwa kiwandani bila mnyama yeyote.

Bei ya vifuko inadai uangalifu. Kifuko kikitobolewa, ute humwagika na uzito hupungua, na kisipokaushwa taratibu mahali penye hewa huota ukungu, naye mnunuzi hulipa kwa uzito na kwa hali ya kifuko.

Nyama ina thamani ya namna nyingine. Wakree na Wadene, wenyeji wa asili wa Kanada, wameila tangu kale, na mkia huchomwa motoni hadi ngozi ya magamba ivimbe na kubanduka, ibaki mafuta yanayohitajika sana mwilini wakati wa baridi. Waendeshaji wa mbwa wanaokokota sleji huwapa wanyama wao nyama hiyo kwa sababu hiyohiyo. Ngozi ya mkia, ikisindikwa vizuri, hutoa pochi na ala za visu zenye nakshi ya asili, ila ni kazi ya fundi mmoja mmoja, na sidhani kama itawahi kuwa soko kubwa. Anayechuna avae glavu, maana biva anaweza kubeba tularemia, ugonjwa unaoambukiza binadamu.

Kinachonikera ni biva wanaouawa bila mtu kuwahitaji. Mabwawa yao hufurika barabara na mashamba, na idara ya Wizara ya Kilimo ya Marekani inayoshughulikia wanyama waharibifu iliua zaidi ya 20,000 kati yao mwaka 2021 pekee. Biva wa kiangazi ana manyoya hafifu, basi anayelipwa kufungua kalvati iliyoziba haoni sababu ya kumchuna, na mzoga hutupwa pamoja na vifuko vyake, ambavyo havingojei baridi ili viwe na thamani. Sisemi bei ya kastoriamu iwe kisingizio cha kuua zaidi. Pale ambapo bomba la kupunguza maji ya bwawa linatosha, biva aachwe, kwa kuwa bwawa lake huhifadhi maji na samaki. Lakini pale ambapo uamuzi wa kuua umekwisha kupitishwa, mkataba wa malipo ungeweza kumtaka mtegaji avitoe vifuko vikiwa vizima na kuvitundika kwa uzi kwenye banda kavu, na nyama ipelekwe kwa wenye mbwa.