Kuvu ya mtundu haiuzwi dukani

Mvua za Novemba zikishapiga mara tatu nne, kando ya barabara ya kutoka Tabora kwenda Urambo huanza kuonekana beseni, nyungo na ndoo zilizofunikwa kichwa chini, na juu yake mafungu ya uyoga: mweupe wenye kofia pana, mwekundu, na ule mdogo wa manjano uliojikunja kama sikio. Mama mmoja niliyenunua kwake alinitenganishia bila kuombwa. "Huu wa kichuguuni, baba, utaupata hata shambani. Huu wa manjano ni wa msituni tu, tena penye mitundu." Mtundu ni mti wa miyombo, yaani misitu ya asili ya huku. Nikamuuliza, na kwenye shamba la tumbaku lililofunguliwa mwaka juzi? Akacheka. "Labda pale walipoacha visiki."

Nimehudhuria vikao vya upandaji miti vingi kuliko ninavyopenda kukiri, na ni wachache waliofika alipofika yule mama.

Uyoga wa kichuguuni hulimwa na mchwa, huo tuuache. Uyoga wa manjano ni tunda la kuvu inayoishi kwenye mizizi ya mti. Parua udongo kwa ncha ya panga chini ya mtundu, kina cha vidole vinne tu, utafute vijizizi vyembamba kama uzi wa kushonea. Ncha zake hazikuchongoka. Ni fupi, nene, zimevimba kama vidole vya mtoto mchanga, na zimevishwa ala nyeupe au ya kahawia. Ala hiyo ndiyo kuvu. Kutoka hapo hutoka nyuzi nyembamba kuliko unywele, zinapenya mahali mzizi usipoweza kupita, zinarudi na fosforasi na maji, na mti unalipa kwa sukari iliyotengenezwa majanini. Mjerumani Albert Bernhard Frank aliupa ushirika huo jina la mikoriza mwaka 1885.

Sasa ugomvi uliopo. Kuni za kukaushia tumbaku kwenye mabani zimekula miyombo mingi ya mkoa huu, na mkulima anahimizwa kupanda miti. Miche mingi inakufa. Kwa hiyo kuna wanaosema: tunapanda miti tukaisahau kuvu yake, basi tuinunue kuvu, ije kwenye pakiti, ichanganywe na udongo wa kitalu. Wengine wanasema huo ni ujanja wa wauzaji, kwamba miche inauawa na kiangazi cha kuanzia Mei mpaka Oktoba, mbuzi na moto, na pesa ya pakiti ingenunua waya wa uzio.

Wa kwanza wana hoja nzito, na nzito kuliko zote ni msonobari. Mti huo ulipoletwa Afrika, miche yake ilidumaa na kugeuka njano sehemu nyingi, hata kwenye udongo uliotunzwa vizuri. Ilichanua pale tu udongo kutoka chini ya misonobari iliyokwisha kukua ulipoletwa na kuchanganywa kitaluni. Kuvu yake haikuwepo huku, ikabidi isafiri. Na ardhi yetu ni ya kichanga, maskini wa fosforasi, ambako mti usio na msaidizi chini ya ardhi unanyonya karibu na bure. Ukienda kwenye vifusi vya machimbo ya dhahabu upande wa Nzega, ambako udongo wa juu umefukiwa au umeondoka kabisa, hakuna kuvu ya kuokota. Hapo hata mimi ningepeleka pakiti.

Lakini pakiti ipi? Hapa ndipo hoja yao inapoanza kuvuja. Mikoriza si kitu kimoja. Mwaka 1982 Mswidi Peter Högberg alichapisha uchunguzi wake wa mizizi ya miti ya Tanzania, na picha inayopatikana ni hii: mtundu na ndugu zake wa miyombo, pamoja na mkusu, hutumia kuvu ya ala, ile inayouzunguka mzizi kwa nje na kutoa uyoga. Mninga, migunga na miti mingine mingi hutumia aina nyingine, inayoingia ndani ya chembe za mzizi na isiyotoa uyoga wowote. Aina hiyo ya pili ndiyo inayojaa kwenye pakiti nyingi za madukani, kwa sababu ndiyo inayohudumia mahindi, mboga na hata tumbaku yenyewe. Na ndiyo ambayo tayari ipo karibu kila shamba lenye majani. Yaani pakiti inampelekea maji anayekaa kisimani, na yule mwenye kiu, mtundu, hakuna anachopata humo.

Tena kuna suala la uhai wa hicho kinachouzwa. Watafiti waliopima bidhaa za namna hii za Ulaya, Australia na Amerika Kaskazini walikuta nyingi hazioteshi chochote kwenye mizizi. Bidhaa hai, iliyokaa miezi kwenye ghala la bati lenye joto la Oktoba la Tabora, sitaki hata kukisia.

Upande wa pili nao unapitiliza. Kusema ni kiangazi na mbuzi tu ni kusahau kwamba nyuzi za kuvu ni sehemu ya namna mche unavyopata maji. Hata hivyo wana mfano mzuri, mninga. Mche wa mninga hukauka juu kila kiangazi na kuchipua tena mvua zikija, mwaka baada ya mwaka, huku ukijenga mzizi chini. Unaweza kufanya hivyo miaka kadhaa kabla ya kuanza kupanda juu kama mti. Mkaguzi anayekuja Septemba kuhesabu miche iliyopona ataandika imekufa, na mwenye pakiti ataandika ilikosa kuvu. Wote wawili watakuwa wamekosea.

Hadithi ya miti kuzungumza kupitia kuvu, na ya mti mama kulisha wanawe, siipi uzito. Ilianzia kwenye utafiti wa Suzanne Simard wa mwaka 1997 kwenye misitu ya Kanada, ambako kaboni ilionekana kupita kutoka mti mmoja hadi mwingine. Mwaka 2023 watafiti wengine, akiwemo Justine Karst wa Kanada, walionyesha kwamba yaliyokuja kusemwa mitaani ni mengi kuliko ushahidi. Mwaka huohuo kulitoka makadirio kwamba mimea duniani huzipa kuvu za mizizini kaboni sawa na tani bilioni 13 hivi za hewa ukaa kwa mwaka. Wauza kaboni, wale wanaouza hati za kupunguza hewa ukaa, wameipenda namba hiyo. Lakini ni hesabu ya kilichokabidhiwa, haisemi kimekaa ardhini muda gani.

Basi turudi kwenye kisiki. Kuvu ya ala haina maisha marefu bila mti hai. Ukikata mtundu ukaacha kisiki, kisiki kinachipua, mizizi inabaki na kuvu inabaki nayo. Ukikata na kung'oa, unaua vyote viwili kwa siku moja. Urambo inajua kung'oa: mwishoni mwa miaka ya 1940 Mpango wa Karanga wa Waingereza uliingiza matrekta yakafagia pori mpaka mizizi, na mpango ulipokufa mwaka 1951 tumbaku ikarithi ardhi. Sidai kwamba kuvu ndiyo iliyouangusha. Ukame, mashine mbovu na haraka ya wakubwa vilitosha.

Wapo wanaochukua udongo wa msituni kwa ndoo na kuuchanganya kitaluni, na kwa mtundu hiyo ni akili kuliko pakiti. Ndoo mbili tatu hazina neno. Malori ni jambo jingine, maana unachuna ngozi ya msitu mmoja kuuvika msitu ambao haujaota, na unaweza kubeba minyoo ya mizizi humohumo, ambayo tumbaku haiipendi hata kidogo.

Ila siwezi kumwambia mkulima aache visiki kana kwamba ni bure. Upande wa Usoke nilisimama na mzee mmoja aliyeacha visiki kama kumi na viwili kwenye shamba analolima kwa ng'ombe. Matuta yake yanajipinda kuvizunguka, kama yanavyozunguka vichuguu. Alinionyesha ncha ya plau iliyokatika kwenye mzizi msimu uliopita, ameitundika kwenye nguzo ya bani. Machipukizi yamenipita kimo, na kila mwaka anapunguza matawi yasitie tumbaku kivuli. Nikamuuliza kama uyoga umeanza kurudi.

"Bado," akasema. "Yana miaka mitatu tu hayo. Mke wangu huenda kuangalia."