Magodoro Yote Nje!

Jumapili mbili zilizopita, baada ya sadaka, katibu wa kanisa letu hapa Nakuru alisoma tangazo ambalo nimelisikia karibu kila mwaka tangu nikiwa shule ya Jumapili. Kambi ya watoto ya Agosti inakaribia, na vijana waliomaliza kidato cha nne ambao "wamekaa tu nyumbani" waandikishe majina ili wawe makaunsela wadogo, yaani walezi wa watoto kambini. Watu wakacheka kidogo kwa hilo la kukaa tu nyumbani. Mpwa wangu, aliyekuwa ameketi safu mbili mbele yangu, hakucheka. Aligeuka akanitazama.

Nilimwitikia kwa kichwa. Aende. Lakini tangu siku ile nimekuwa na neno rohoni, na kwa kuwa kanisani hawanipi kipaza sauti, nitaliandika hapa. Kaunsela mdogo tunamfundisha kuimba, kisha tunamwachia usiku.

Mimi nilikuwa kaunsela mdogo Agosti ya 2014. Nilikuwa nimefanya KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, mwaka uliotangulia, barua ya chuo ilikuwa imefika, na Septemba ilikuwa bado. Nilipewa wavulana kumi na wawili wa kati ya miaka tisa na kumi na miwili, bweni katika shule ya sekondari ambayo kanisa lilikuwa limeikodi upande wa chini wa Mlima Menengai, fulana ya njano, na kijitabu. Malipo yalikuwa chakula na nauli ya matatu ya kurudi nyumbani. Sikudai zaidi, na hata leo sidai.

Kijitabu chenyewe kilikuwa kichekesho. Kilitoka Marekani, kikatolewa kopi juu ya kopi mpaka herufi zikafifia. Si ajabu, maana kambi za namna hii zina mizizi huko. Camp Dudley ya YMCA, chama cha vijana wa Kikristo, jimboni New York, ilianza mwaka 1885. Kwa wenzetu ni mambo ya majira ya joto, shule zimefungwa miezi miwili na zaidi, kwa hiyo kijitabu kilijaa mitumbwi, kuogelea ziwani na jinsi ya kumkinga mtoto asiungue na jua. Agosti yetu ni ya baridi na manyunyu. Watoto wanapanga foleni ya uji wakiwa na sweta mbili mbili. Na ziwa tulilo nalo ni la magadi, tena limo ndani ya mbuga pamoja na nyati na vifaru. Mwenzangu alisoma kwa sauti ile sehemu ya kuhakikisha kila mtoto ana mwenzake wa kuogelea naye, tukacheka mpaka mratibu akatuuliza kama tumekuja kucheza.

Semina yetu ilikuwa ya mchana mmoja wa Jumamosi. Tulifunzwa mapambio na ishara zake za mikono, namna ya kuwakaririsha watoto mstari wa siku, namna ya kugawa githeri bila vita. Jioni tukawekewa mikono, tukaombewa. Usiku haukutajwa na mtu. Mchana kambini kuna mchungaji, kuna walimu, kuna wapishi, kuna dada wa huduma ya kwanza na sanduku lake la Panadol. Saa tatu na nusu taa zikizimwa, unabaki wewe na pumzi kumi na mbili gizani.

Sasa, jioni ya pili, mhubiri mgeni aliamua kufundisha juu ya mapepo. Mtu wa Nakuru anajua Menengai haihitaji kuongezewa chumvi. Wakikuyu wauita Kirima kia Ngoma, kilima cha mizimu. Watu huenda kufunga na kuomba kwenye mapango yake, na karibu kila mtoto wa mjini ana binamu anayemjua mtu aliyepotea kule juu akazunguka mpaka alfajiri. Mhubiri alinyosha kidole dirishani kuelekea huko huko. Vyoo vya shule ile vilikuwa vya shimo, hatua kama sitini kutoka bwenini, unapita chini ya mikalitusi. Navyo vilikuwa upande ule ule wa kidole.

Saa saba hivi za usiku nikashikwa mguu.

"Ticha."

Alikuwa mtoto wa kitanda cha juu kando ya mlango, mdogo kuliko wote.

"Ticha, nimesikia kitu."

Nikamwambia kalale. Asubuhi ya siku ile tulikuwa tumewafundisha habari za Samweli, anavyoitwa usiku akamkimbilia Eli mara tatu, na nadhani nilijiona mjanja kumjibu kama Eli. Baada ya muda akaja tena. "Ticha, bado." Kalale. Sikuelewa, au sikutaka kuelewa, kwamba mtoto wa miaka tisa haji kukwambia anataka choo na anaogopa. Anakuja kukwambia amesikia kitu. Nilikuwa na usingizi, nilikuwa na baridi, na ukweli usemwe, mimi pia sikuwa na hamu ya kupita kwenye ile mikalitusi.

Mara ya tatu hakuja.

Kitanda chake kikiwa cha juu, aliyegundua ni mwenzake wa chini. Kabla ya kengele bweni zima lilijua, na tayari jina la utani lilikuwa limepatikana. Mtoto mwenyewe alikuwa amejifunika blanketi mpaka kichwani, ametulia tuli, kama anayedhani akikaa hivyo kambi itaisha bila yeye kufunuliwa.

Nilikimbia jikoni. Haikuwa busara, ni kwamba sikujua pengine pa kukimbilia. Mama aliyekuwa akikoroga uji alinisikiliza bila kusimamisha mwiko. Nilipomaliza, akamkabidhi mwenzake ule mwiko, akajifuta mikono kwa leso, akatembea polepole mpaka mlangoni mwa bweni letu, kisha akapaza sauti iliyofika hadi bweni la wasichana:

"Magodoro yote nje! Nimeambiwa humu kuna kunguni!"

Hakukuwa na kunguni. Magodoro yalitoka, yakatandazwa kwenye nyasi, naye akapita na ndoo ya maji ya sabuni na brashi, akimwagia na kusugua moja baada ya jingine. "Wewe pia Ticha, lete lako." Langu ndilo alilolianza. Alipomaliza, kila godoro lilikuwa na ramani yake ya maji, na hakuna ambaye angeweza kusema lipi ni la nani. Wavulana walikuwa wakijikuna na kuonyeshana mikono, kila mmoja akiapa kwamba yeye ndiye aliyeumwa zaidi. Lile jina la utani halikufika saa ya uji. Alidanganya, ndiyo, tena kambini kwa Bwana. Anayetaka kumhukumu aanze na mimi niliyelala.

Jioni akaniletea ndoo ya plastiki yenye kifuniko. "Weka karibu na mlango," akasema, "na usingoje wakuamshe. Saa tano waamshe wewe, mmoja mmoja." Usiku tatu zilizobaki godoro halikulowa tena. Maneno yale yangetosha ukurasa wa kwanza wa kijitabu chetu, na yalikuwa kichwani mwa mtu ambaye hakuna aliyemwalika kwenye semina.

Jambo la pili ni fomu. Kila jioni kaunsela alijaza karatasi yenye safu ya watoto waliookoka na safu ya waliorudisha maisha yao kwa Bwana. Safu ya mtoto ambaye hajala, au hajalala, au ambaye hakuna anayetaka kukaa naye, haikuwapo. Usiku wa mwisho kukawashwa moto uwanjani, gitaa likapigwa taratibu, watoto waliokuwa macho tangu saa kumi na moja alfajiri wakaulizwa nani anataka kumpa Yesu maisha yake. Wavulana wangu wote kumi na wawili waliinua mikono. Saba kati yao walikuwa wameinua Jumatano pia. Mmoja alilia mpaka akashindwa kusema. Nikamshika bega, nikamwuliza Bwana amemgusa wapi. Akasema anamtaka mama yake.

Nilimwandika kwenye safu ya waliookoka.

Mimi ni muumini, na sisemi mtoto hawezi kumjua Mungu akiwa na miaka kumi. Bibi yangu anadai alimjua akiwa na saba, na sithubutu kubishana naye. Ninachokataa ni kumpa kijana wa miaka kumi na minane kazi ya kuhesabu roho. Ukimpa safu, ataijaza. Nilitaka mratibu aone bweni langu limefanya vizuri, na bweni la jirani lilikuwa na kumi na moja.

La tatu nitalipita haraka kwa sababu si langu kulisimulia. Mtoto mmoja aliniambia jambo la nyumbani kwao, jambo zito, baada ya kuniapisha nisimwambie mtu. Niliapa. Nilikaa na kiapo kile siku mbili, sili vizuri, ndipo nikamwendea mratibu. Kumbe kuna jibu dogo ambalo kila kaunsela angelikariri kabla ya pambio lolote: siwezi kukuahidi kwamba nitanyamaza, lakini nakuahidi sitakuacha peke yako. Nchi ina Sheria ya Watoto ya 2022, ina namba 116 ambayo mtu yeyote, mtoto au mkubwa, anapiga bure akiona mtoto yuko hatarini. Mwaka 2014 sikujua kwamba kuna namba kama hiyo. Nikiwauliza makaunsela wa mwaka huu, sina hakika wangapi wataitaja.

Mzee mmoja wa kanisa niliyemweleza haya aliniambia kwamba sisi tumekuwa laini, wao walilelewa hivyo hivyo wakakua. Sikumjibu, yeye ni rika la baba yangu. Ila yeye mwenyewe huwa anasimulia, tena kwa kicheko, alivyolala na viatu miguuni mwaka mzima shuleni kwa kuogopa kwenda choo usiku.

Wala sitaki kazi hii ifutwe. Mwezi ule wa Agosti nilijifunza kuamka kwa ajili ya mtu mwingine, na chuoni hakuna aliyenifundisha hilo. Ninachoomba ni kitu cha bei rahisi. Katika ushirika wa akina mama na wa akina baba kuna watu waliolea watoto sita, wanaosikia mtoto akigeuka usingizini chumba cha pili. Mmoja wao alale katika kila bweni, kijana awe msaidizi wake. Yule mama wa uji aalikwe kwenye semina, apewe saa nzima, mapambio yakatwe. Na mhubiri anayependa somo la mapepo afundishe saa nne asubuhi.

Mpwa wangu ameshaandikisha jina. Jana jioni alipita kwangu kuuliza abebe nini.

"Tochi," nikamwambia. "Na betri mpya."

"Mjomba, si simu ina tochi?"

"Simu mtanyang'anywa jioni ya kwanza."

Akafikiri kidogo. "Na ndoo? Mama anasema uliniagizia ndoo, nikadhani anatania."

Ndoo ilikuwa nyuma ya mlango, ya buluu, na kifuniko chake. Aliitazama, akanitazama, akaibeba hivyo hivyo mpaka stendi ya matatu.